Kamba ya Nakijwa

Fundo la asiyeona humfunza aonaye. Asubuhi mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkadhani anamsengenya mtu. Hapana, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwemo, dawati la tatu, karibu na dirisha lisilo na kioo.

Darasani kwetu alikuwepo msichana, Nakijwa, ambaye surua ilimpofusha angali mdogo. Mwalimu Senkondo alifundisha hesabu ubaoni tu. Chaki ikwaruze, sisi tunakili, Nakijwa akae mikono mapajani. Siku moja mwalimu akamwita mama yake. "Asipojua kujumlisha na kutoa kabla ya kufunga shule, abaki nyumbani. Simwonei, mama. Hapa anakaa bure."

Mama huyo alikuwa msokotaji wa kamba za katani. Desturi ya wasokotaji wetu ilikuwa kufunga fundo kila mkono mmoja, ili mnunuzi apime kwa vidole bila kukunjua kamba nzima. Basi akamsokotea mwanawe kamba nyembamba ya mafundo mia, na kila fundo la kumi akalifunga nene, kama harage.

Mwalimu alipoiona akasema, "Kamba ni ya mbuzi. Iweke chini."

Nakijwa akaiweka chini. Chini ya dawati.

Dawati hilo alikaa na Kajiru, mwenye macho makali kama mwewe, lakini huo ulikuwa mwaka wake wa tatu darasa lilelile. Tulimwita Babu.

Wiki ya mwisho mwalimu akauliza, "Arobaini na tatu, toa kumi na saba?"

Mara Kajiru akajibu, "Ishirini na sita."

Mwalimu akageuka. "Nani amekunong'oneza?"

"Kamba, mwalimu."

Tulicheka mpaka madawati yakatikisika. "Babu kafungwa kamba!"

"Ilete hapa."

Kajiru akavuta, kamba ikakaza. Ncha ya pili ilikuwa kwa Nakijwa, naye hakuiachia.

"Mwalimu, ukiichukua hii, umenichukulia ubao wangu."

Mwalimu akachuchumaa, akafumba macho, akaipapasa fundo kwa fundo. Kisha akauliza polepole, "Nakijwa, themanini toa ishirini na tano?"

Vidole vikarudi nyuma mafundo manene mawili, halafu membamba matano. "Hamsini na tano."

"Nawe Kajiru, una macho. Kamba ya nini?"

"Ubaoni namba zinanikimbia, mwalimu. Hapa zinakaa."

Mwalimu akasimama, akajipangusa chaki kwenye suruali. "Nakijwa, mwambie mama yako asokote nyingine arobaini."

"Na mimi nibaki nyumbani?"

"Ukibaki nyumbani, nani atatuonyesha namna ya kuzishika?"

Muhula uliofuata kila mmoja alikuwa na kamba yake, hata mimi niliyejiona hodari. Mpaka leo nikipiga hesabu ya mayai, hivi vidole hutembea vyenyewe pajani. Ndiyo maana twasema, fundo la asiyeona humfunza aonaye.