Kilemba cha Tangi la Bi Kazija

Je, mmewahi kumwona mwenye skuta akisimama njiani, akainua kiti, akafungua mfuniko wa tangi na kutega sikio kama anayesikiliza pumzi za mgonjwa? Basi huyo anafanya alivyofanya Bi Kazija. Asubuhi shangazi yenu aliposema, "Tangi lisilovuta hewa halitoi mafuta," mlicheka mkidhani ni maneno ya gereji. Ni methali hiyo, wajukuu zangu, na mwanzo wake ni huu.

Bi Kazija alikuwa mpishi wa shughuli huko Wete. Alikuwa mjane, na skuta aliachiwa na marehemu mumewe. Aendapo kupika, mwiko wake mrefu huufunga ubavuni mwa skuta, ukachomoza nyuma kama mkia. Pilau yake ilisifiwa kote, lakini yeye hakupata kuila ikiwa moto. Alipakulia wageni, akasugua masufuria, kisha akarudi kwake na ukoko kwenye bakuli. Wenye shughuli wakimuuliza wampe nini, jibu lilikuwa lile lile: "Sina haja, mwanangu. Nimeshashiba moshi."

Mwaka mmoja masika yalikuja kwa nguvu. Kiti cha skuta kilikuwa kimechanika, maji yakapenya mpaka ndani ya tangi na petroli ikaharibika. Bi Kazija akasema hayo hayatamkuta tena. Akakata kipande cha nailoni, akakikunja mara tatu, akafunika nacho mfuniko wa tangi na kukikaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kila akijaza mafuta hukifunga upya, taratibu, kama anayemvisha mtoto kilemba.

Tangu hapo skuta ikaingiwa na maradhi. Ikienda maili mbili tatu hukohoa, ikazima. Akingoja kidogo, inawaka. Fundi wa kwanza alisafisha plagi, wa pili akasafisha kabureta. Kwao gereji skuta ilinguruma kutwa bila kukohoa, maana walikuwa wamekivua kile kilemba na kufungua mfuniko ili watazame mafuta, wakaviweka kando. Bi Kazija akawashukuru, akakifunga vizuri zaidi kuliko mwanzo, akaondoka.

Ikafika harusi ya Mize. Mize alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake wa kike, na Bi Kazija ndiye aliyemlea tangu akinyonya. Harusi ilikuwa Konde, kwa baba yake bibi harusi, na wageni walialikwa chakula cha mchana. Mize alikuwa amekataa mpishi mwingine yeyote. Skuta ikimlaza njiani Bi Kazija, ng'ombe amechinjwa na chungu hakitapanda.

Akaenda kwa Fundi Faki, mzee mpole asiyependa maneno mengi. Mzee akasema maradhi ya njiani hutazamwa njiani, naye atamfuata kwa baiskeli.

Siku ya harusi wakatoka alfajiri ilipokwisha. Kwenye mlima wa kwanza skuta ikazima. Fundi Faki alipofika, shati limemganda mgongoni, Bi Kazija akapiga kiki na skuta ikawaka palepale.

"Bi Kazija, skuta yako ina haya," mzee akasema. "Ikiniona inapona."

Lakini alikuwa akiwaza. Akamuuliza huwa anafanya nini ikizima. Bi Kazija akasema hafanyi kitu, hungoja tu. Mzee akatikisa kichwa.

"Safari hii usingoje. Ikizima tu, inua kiti, ufungue mfuniko hapo hapo, utege sikio."

Maili tatu mbele ikazima tena. Jua lilikuwa limeshapanda. Bi Kazija akainua kiti, akavua kilemba, akalegeza mfuniko. Akasikia fyuuu, pumzi ndefu ikiingia ndani, kama mwanamke anayetua mzigo wa kuni kichwani. Akafunga, akapiga kiki moja. Ikawaka.

Fundi Faki alimkuta ameshika ile nailoni mkononi.

"Hiki ndicho," akasema. Akamwonyesha kitundu kidogo kwenye mfuniko, kimezibwa na vumbi. "Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie ishike nafasi yake. Wewe umeliziba tangi. Linatoa, linatoa, halivuti, mwisho linakauka koo na mafuta tele tumboni. Ukingoja, hewa hupenya kidogo kidogo, ndiyo maana huwaka."

"Nililifunga kwa kulihurumia," Bi Kazija akasema.

"Najua. Mvua izuie kwenye kiti. Kitundu kiache."

Bi Kazija akachomoa pini ya mtandio wake, mzee akazibua kitundu. Ile nailoni wakaitandika juu ya kiti kilichochanika, wakaikaza kwa ule ukanda. Skuta haikuzima tena mpaka Konde.

Pilau iliwahi. Sinia ya kwanza Bi Kazija aliipeleka mwenyewe kwa Fundi Faki, akamshukuru mpaka mzee akaona haya. Kisha akarudi jikoni kupakua, mpaka Mize alipomwita ndani.

Akasimama mlangoni, majivu mikononi. Wanawake walikuwa wameketi mkekani, wanne wanne kwa sinia.

"Mama mkubwa," Mize akasema, "umenilea, na leo umenipikia. Nikupe nini?"

"Huyo ameshashiba moshi," akadakia mmoja, wenzake wakacheka.

Bi Kazija alifungua kinywa atoe jibu lake la siku zote. Ile pumzi ya njiani ikamrudia masikioni.

"Tangi lisilovuta hewa halitoi mafuta," akasema.

Wakatazamana. Akawasimulia habari ya kilemba, wakacheka tena, kisha kicheko kikapungua. Kila mmoja alikuwa akihesabu harusi alizopikiwa.

"Basi sema, mama mkubwa," Mize akamwambia.

Bi Kazija akafuta mikono kwenye kanga.

"Nisogezeeni mkeka. Nataka nikae nanyi kwenye sinia, nami nile pilau yangu ingali moto."