Kofia ya Fundi Mselem Haijapata Kichwa

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune taratibu. Hadithi nitawapa nzima, sitawaficha kitu, ila uamuzi sina. Uamuzi mtautoa nyinyi, na mkigombana mtakuwa mmenifurahisha.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Wa kwanza ni Daktari Nkirote, mtu wa Meru aliyeletwa Mombasa na kazi. Wapo watu wanaosema kweli mpaka ukatamani wangekudanganya. Yeye alikuwa anakuambia neno zito, na bado ukatoka chumbani mwake unatembea kwa miguu yako.

Wa pili ni Bi Shufaa, na kipawa chake ni kiganja. Akikupitishia mkono shingoni anajua una homa au huna. Ukimwambia huna na yeye keshajua unayo, hakubishii, anakutazama tu mpaka unaona haya.

Wa tatu ni Kombo, muunganishaji wa kofia, na kipawa chake ni jicho. Mpe kofia yoyote iliyoshonwa kwa mkono, aigeuze ndani nje, atakuambia ni kazi ya fundi gani na siku hiyo fundi alikuwa na hali gani.

Aliyewakutanisha watatu hao si mmoja wao. Ni Fundi Mselem wa Mji wa Kale, mumewe Bi Shufaa. Kofia za mkono mnazijua: kitambaa cheupe, matundu madogo madogo, na kila tundu linazungushiwa uzi kwa sindano. Kofia moja inakula miezi mitatu ya mtu. Mselem akishona vipande, ukanda wa pembeni na kifuniko cha juu, na Kombo akiviunganisha. Walikaa baraza moja miaka ishirini na minane, wakibishana mpira kila siku ya Mungu, wala hawakuwahi kukubaliana.

Basi siku moja macho ya Mselem yakaingia manjano. Mwili ukamwasha, mkojo ukawa rangi ya strungi, chai isiyo maziwa. Hospitali wakampiga picha, wakamkata kinyama kidogo wakapime, wakapata saratani ya mirija ya nyongo, ile mirija inayoitoa nyongo kwenye ini na kuipeleka utumboni. Wakamtia kijibomba kuuzibua mrija, manjano yakashuka. Lakini uvimbe wenyewe ulikuwa umeishika mishipa ya damu, na daktari wa upasuaji akasema kisu hakiwezi kufika hapo.

Sasa sikilizeni alichofanya Daktari Nkirote. Kakake Mselem mkubwa alimwahi mlangoni akamwomba, kwa adabu zote, amwambie mgonjwa ini limechoka tu, hayo mengine waambiwe wao. Nanyi msimcheke, maana nani hapa kwetu hajawahi kumficha mgonjwa ugonjwa wake? Daktari akamjibu kwa heshima kwamba atamuuliza mwenyewe. Akaingia, akavuta kiti, akamuuliza Mselem kama angependa ajue yote yeye au aambiwe mtu mwingine kwa niaba yake.

Mselem akasema, "Mwili ni wangu, daktari. Niambie mimi."

Akamwambia. Kwamba ugonjwa huu hawataweza kuuondoa, ila wanaweza kuuzuia usisonge kwa muda, na muda wenyewe hana wa kumwahidi. Kwamba njia ziko tatu. Ya kwanza, dawa mbili za dripu kwa pamoja, ambazo kwa wagonjwa wengi huuzuia ugonjwa kwa muda mrefu zaidi, lakini moja kati yake ni kali: inatapisha, inasumbua figo, inavumisha masikio na kutia ganzi vidoleni. Ya pili, dawa moja peke yake, ile iliyo nyepesi, ambayo humchosha mtu na kupunguza nguvu ya damu, lakini vidole haivigusi sana, na kwa kawaida haizuii kama mbili. Ya tatu, asitumie dawa ya saratani kabisa, atibiwe maumivu na kuwashwa, akae nyumbani na watu wake. Akasema njia zote tatu ni za mtu mwenye akili zake, na hakuna atakayemwita mwoga.

Kisha akauliza jambo ambalo pale hospitali hakuna aliyekuwa amemuuliza Mselem: hiyo mikono yako inafanya kazi gani? Mselem akatoa mfukoni kipande cha ukanda alichokuwa akishona. Daktari akavaa miwani akakitazama kwa muda mrefu. Akamwambia, "Basi wewe ganzi si kitu kidogo. Ikiingia sana huenda isitoke. Ukiihisi, hata kwenye kidole kimoja, niambie siku hiyo hiyo."

Akampa wiki nzima ya kufikiri. Mselem akachagua dawa mbili. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minne, mjukuu wa kwanza, na yeye alitaka siku. Akaweka na nadhiri: kile kipande atakimaliza kiwe kofia nzuri kupita zote alizoshona, isiuzwe, apewe yule atakayekuwa amemfikisha siku ya kumpakata mjukuu.

Haya, dawa zikaanza. Alitapika, alichukia harufu ya vitunguu, maji yakawa na ladha ya chuma. Akavumilia duru mbili za dripu, nami namvulia ushungi, maana mimi jino tu likiniuma nyumba nzima hailali.

Duru ya tatu ikaangukia karibu na Idi, na hapo ndipo Bi Shufaa alipofanya lake. Siku ya Idi nyumba imejaa wageni, pilau iko motoni, Mselem kavaa kanzu anapokea mikono ya watu. Bi Shufaa akamtengeneza kola, kiganja kikapita shingoni. Moto. Daktari alikuwa amewaambia kwamba mtu aliye kwenye dawa hizi akipata homa hangojwi, wala hapewi kidonge cha kushusha akalala, anapelekwa.

Mselem akamsihi kwa sauti ya chini angoje wageni wamalize kula, saa mbili tu. Kakake akaunga mkono, akasema ni aibu kuwaacha watu mezani siku kama ile. Na kweli ni aibu, tusidanganyane. Bi Shufaa akazima jiko, akajifunga buibui, akasimama mbele ya watu thelathini.

"Chakula kiko jikoni, jipakulieni," akasema. "Mimi na mume wangu tunakwenda hospitali. Idi njema."

Walimsema mwezi mzima. Lakini kule hospitali walikuta kijibomba kimeziba, vijidudu vimeingia kwenye damu, na chembe za kupigana navyo zimekwisha kwa sababu ya dawa. Daktari wa zamu alisema wangekuja jioni, habari ingekuwa nyingine. Mselem akalazwa siku tisa, akatiwa kijibomba kipya, akarudi nyumbani amekonda lakini anaulizia pilau yake.

Tulifikiri yamekwisha. Hayajaisha, bado Kombo.

Duru ya tano Mselem alimpelekea Kombo ukanda autazame. Kombo akaugeuza, akaona matundu yamekazwa mno, uzi umevutwa mpaka kitambaa kimekunjamana. Sasa mafundi wa kofia wana imani yao: mkono unaovuta hivyo ni wa mtu mwenye hasira. Kombo akaenda moja kwa moja kununua halua, akabisha hodi kwa Mselem, akaketi, akaanza kuwapatanisha. Alizungumza robo saa nzima juu ya subira katika ndoa. Bi Shufaa alikuwa anamtazama mumewe, mumewe anamtazama Kombo, na hakuna aliyekuwa amegombana na mtu.

Ikaletwa kahawa. Mselem akakizungushia kikombe vidole vyote, kahawa imetoka motoni sasa hivi, akakishikilia huku anacheka. Kombo akaacha kuzungumza. Akaelewa kwamba mkono ule haukuwa na hasira. Haukuwa unausikia uzi, ndiyo maana ulikuwa unauvuta.

Alipomtoa nje kumuuliza, Mselem hakukana. Ganzi ilikuwa imeanza wiki tano nyuma. Alijichoma sindano asihisi, akajua tu kwa tone la damu kwenye kitambaa, akalifua kwa sabuni akanyamaza. Akamshika Kombo mkono.

"Ukimwambia daktari ataiondoa ile dawa kali. Vidole nimekwisha kuvisamehe, Kombo. Niachie siku zangu."

Jamani, mwenzako wa miaka ishirini na minane anakuomba hivyo. Kombo alikaa na neno lile siku mbili, hali vizuri. Siku ya tatu alipanda hospitali na ule ukanda ndani ya bahasha, akauweka mbele ya Daktari Nkirote, akamwonyesha tundu la zamani na tundu la sasa. Akaondoka bila kungoja shukrani.

Daktari akamwita Mselem, ule ukanda uko mezani. Hakumgombeza. Akamwonyesha picha mpya, kwamba uvimbe umesimama pale pale, haujaongezeka. Akasema dawa kali imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake, na wakiendelea nayo huenda atashindwa hata kufunga vifungo vya kanzu. Akashauri waiache, waendelee na ile nyepesi, na akakiri kwamba hana hakika ni siku ngapi wanapoteza au kama wanapoteza. Mselem akatoka pale amekubali kwa kichwa, moyoni amekataa. Hakusema na Kombo wiki sita. Barazani walikaa kila mtu upande wake, na mpira ulichezwa bila mtu wa kuubishania.

Ganzi ikapungua polepole. Haikwisha, vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo ni kama si vyake. Lakini vinane vilirudi. Mjukuu akazaliwa, msichana, Mselem akampakata na akahisi ule ulaini wa nywele zake kwa ncha za vidole. Siku ile ile alivuka upande wa pili wa baraza, akamwambia Kombo kwamba timu yake ni ovyo. Kombo alilia, mwanamume mzima, nami nilimwona.

Sasa vipande vyote viwili vimekamilika, na ni kweli sijaona kazi kama ile. Mselem amewaita wote watatu nyumbani, akavitandaza kwenye mkeka. Akasema yeye mwenyewe ameshindwa. Kama daktari asingemwambia kweli, angekwenda bila kujua anakwendea nini, wala asingechagua lolote. Kama mkewe angeona haya ya wageni, angezikwa siku ya pili ya Idi. Na kama rafiki yake angemtunzia siri, angekuwa hai, ameketi anaitazama mikono yake.

Waulize wao, hawakusaidii. Daktari anasema alifanya kazi anayolipwa, wengine hawakulipwa. Bi Shufaa anasema mke hapewi zawadi kwa kumpenda mumewe, na akisema hivyo anaangalia pembeni. Kombo anasema mtu aliyeitoa siri ya rafiki yake hastahili kuvalishwa kitu. Wala msiniambie kofia ni ya wanaume. Mselem amesema anayepewa atajua mwenyewe ataiweka wapi.

Tena haraka ipo. Jumatatu Mselem anarudi kupigwa picha nyingine, na anataka kofia iwe imevishwa mtu kabla ya majibu, yakiwa mema au yakiwa mabaya. Lakini kofia haiunganishwi hivi hivi. Ikishaunganishwa ina kipimo, na ikishapata kipimo ni ya kichwa kimoja tu. Kombo amekaa na sindano tayari na uzi ameshautunga, anangoja kuambiwa. Mselem anawatazama mmoja mmoja, na kamba ya kupimia iko mkononi mwake.

Haya, nimemaliza langu. Je, wewe ungempimia nani?