Firigisi Moja na Diski Tatu

Hapo zamani, si zamani za wafalme na majini, zamani hizi hizi za feni na kompyuta, palikuwa na mjane mmoja huko Muheza, Bi Mgeni. Marehemu mumewe, Mzee Kibwana, alimwachia kompyuta yenye diski tatu. Diski zile zilibebana: ikifa moja, mbili zilizobaki zinashika kazi yake. Zikifa mbili, kwisha habari.

Ndani yake mlikuwa na wimbo. Mzee Kibwana aliurekodi kwa sauti yake mwenyewe, ili binti yake Saumu aingie nao ukumbini siku ya harusi. Harusi yenyewe hakujaliwa kuiona. Saumu akasema, "Bila sauti ya baba, mimi siingii."

Basi wiki ya harusi Bi Mgeni akafagia, akapangusa, akasugua. Akachomoa hata diski za kompyuta azifute vumbi! Moja ikamponyoka, pu! ikafa. Ya pili ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi, nayo ikaanza kukwama. Wimbo ukapotea. Saumu akalia na hina mbichi mikononi, hata machozi asiweze kuyafuta.

Mjomba Shekue, kaka wa Bi Mgeni, akaja kuisaidia mashine. Mashine ikauliza, "Nianze upya?" Mjomba akanyoosha kidole akubali. Chausiku, jirani yao, akamdaka mkono. "We mjomba! Kuanza upya ni kufuta kila kitu!" Akachomoa waya ukutani.

Mjomba akaona haya. Akanunua diski mpya, akaanza kunakili ile gonjwa. Inakwama, anaipoza kwa feni, anaendelea. Inakwama, anaipoza, anaendelea. Chai ikapoa, wali ukapoa, yeye hakuinuka mpaka kazi ikaisha.

Wakazirudisha, mashine ikagoma! Kila diski ina nafasi yake, na mjomba alishazichanganya. Bi Mgeni akavaa miwani. "Nilizitia nukta za wanja kabla ya kuzichomoa. Nukta moja inakaa juu. Mgonjwa wenu ana mbili, basi mpya yake ikae katikati."

Wakapanga hivyo. Mzee Kibwana akaimba! Vigelegele vikaufunika wimbo wote.

Kuku akachinjwa. Kuku mmoja, firigisi moja. Tangu Mzee afariki, firigisi ya nyumba ile ilikatwakatwa mchuzini ili asiidai mtu. Siku hiyo Saumu akaipika nzima. "Ale aliyenirudishia baba."

Chausiku akasema, "Nipe mimi. Nisingeushika mkono ule, mngenakili nini?"

"Firigisi kwa mwanamke?" mjomba akamtania. "Lete hapa, mwanangu. Aliyekesha na mgonjwa ni mimi."

"Na wanja wangu je?" akauliza Bi Mgeni.

"Wewe si ndiye uliyeiangusha, dada?"

"Na wewe si ndiye uliyetaka kufuta?"

Wakabishana huku wanacheka. Saumu akaurudia wimbo, safari hii wakausikiliza hadi mwisho. Mzee akakohoa kidogo, akacheka, akaita kwa sauti kubwa: "Saumu! Hiyo firigisi yangu msiikate!"

Bi Mgeni akajifuta macho kwa upindo wa khanga, huku anatabasamu. Furaha ilimjaa Saumu, lakini sahani bado iko mkononi, na nyama inapoa.

Haya, nyie mnaocheka hapo, msaidieni bibi harusi. Je, firigisi ile nani alistahili kuila?