Ukuta Uliokatazwa Kugongwa

Kaeni, kaeni. Wale mliosimama nyuma, huku mbele kuna nafasi na hakuna anayeng'ata. Leo sina mfano wa kuchekesha. Ninao mmoja tu, nimekaa nao wiki nzima, na nawaambia mapema kwamba hauishii vizuri. Anayetaka unaoishia vizuri aje Jumapili ijayo, mwinjilisti ndiye atakayehubiri.

Palikuwa na bwana mmoja wa miaka hamsini na kitu, mfanyakazi wa serikali, mtu na heshima zake. Mama yake mzazi alikuwa mzee, anaishi peke yake katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Nyumba kuukuu hiyo. Bati limeota kutu, dari imeoza, mvua ikinyesha mama anasukuma kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile, na mnajua mvua za huku kwetu milimani hazina adabu. Yule bwana akamwambia mama aje wakae wote mjini. Mama akakataa, akaombwa tena, akakataa tena. Mwisho akasema hivi: "Baba, sikuombi nyama wala nguo. Nitengenezee hapa hapa. Siku yangu ikifika, nataka nitolewe kwa mlango wangu."

Ninyi ni watu wazima, mnaelewa maana yake. Mama anataka jeneza lake litoke nyumbani kwake, watu walie uani kwake na wapike uani kwake. Hilo ni ombi kubwa? Kuna mtu humu ndani angeweza kumnyima mama yake hilo?

Basi yule bwana akaenda kukopa. Na msinielewe vibaya, kukopa si dhambi, nusu yetu humu tuna mikopo, mchungaji wenu akiwemo. Kosa lake lilikuwa kwenye mpangilio. Alianza na chama cha mikopo, akauliza kwa mshahara wake anaweza kupewa kiasi gani, wakamwambia milioni tisa, akatoka anatabasamu. Walimwomba kitu kimoja tu, alete karatasi ya makadirio yenye saini ya fundi. Ndipo akaanza kumtafuta fundi. Mnaona? Hela imeshajulikana, nyumba haijaangaliwa. Amekata kitambaa, sasa anaenda kumpima mvaaji.

Fundi alikuja asubuhi, mtu mzima, mkimya. Akamwamkia mama, akaizunguka nyumba mara mbili. Kwa macho kuta zilikuwa safi, plasta ya simenti, rangi ya maziwa, na chini mstari mweusi wa kuficha tope. Lakini alipoweka kiganja chake dirishani aliona ukuta ni mnene kupita kawaida. Akatoa nyundo ndogo mkobani, akasema anaomba kubandua plasta sehemu tatu tu, upana wa mkono, aone ndani kuna nini. Paa jipya linataka mkanda wa zege juu ya kuta, ile lenta, na lenta ni mzigo mzito. Hawezi kukadiria gharama ya kubebesha kitu mzigo bila kujua kitu chenyewe ni nini.

Yule bwana akamshika mkono. "Fundi, hii ni nyumba ya tofali. Baba alijenga mwenyewe. Usinitobolee ukuta wa marehemu."

Fundi akamgeukia mama, ambaye alikuwa amekaa kibarazani anachambua maharage. "Mama, ni tofali?"

Mama hakuinua kichwa. "Si umeshaambiwa?"

Nyundo ikarudi mkobani. Fundi akauliza sasa aandike nini, na yule bwana akamwambia aorodheshe bati, mbao za kenchi za kubebea bati, lenta, dari na rangi mpaka ifike milioni tisa, na ikipungua aongeze choo cha ndani. Jamani, makadirio yale hayakutoka kwenye nyumba. Yalitoka kwenye mkopo. Na fundi naye simwachii, maana alikuwa na watoto wa kulisha, alitaka kazi, akatia saini jambo ambalo moyo wake ulishalikataa.

Mkopo ukatoka. Bati zikanunuliwa, zikakatwa kwa vipimo, mbao zikaja, simenti ikaja. Mama akachukua blanketi lake na redio yake, akahamia kwa jirani, Mama Tuponile, kwa wiki mbili tu.

Siku ya tatu paa la zamani likashushwa. Fundi akapanda ngazi apime pa kupitisha lenta, akautazama ukuta kwa juu. Akakaa kule juu mpaka wenzake wakamuuliza kama anaumwa. Hapakuwa na tofali hata moja. Huku na huku ni ngozi ya simenti, katikati ni udongo mwekundu na miti, na ile miti mchwa walishaimaliza, yamebaki maganda. Ukuta haukuwa umebeba paa. Lile paa bovu ndilo lilikuwa limeushikilia ukuta, na wao wameshalitoa.

Akampigia simu yule bwana, akamweleza kwamba hapo hakuna cha kukarabati, ni kubomoa na kuchimba msingi upya. Kwa hela ipi? Ile yote ilishageuka bati na mbao, na dukani hawapokei bati iliyokatwa. Yule bwana akaagiza kuta zifunikwe kwa turubai wakati anatafuta namna. Mvua ikanyesha Alhamisi, ikanyesha Ijumaa, maji yakaingia kati ya zile ngozi mbili. Jumamosi ukuta wa chumba cha mama ukakaa chini. Sisemi ulianguka. Ulikaa, taratibu, na wenzake wakaufuata mmoja mmoja.

Jumapili yule bwana akafika, akamkunja fundi shati mbele za watu, akamwita mwizi na muuaji. Fundi hakujitetea, alisema tu kwamba aliomba kubandua sehemu tatu. Majirani wakaanza kuchukua upande. Ndipo mama akatoka kwa Mama Tuponile, akaja akikanyaga tope na mkongojo wake, akamwambia mwanawe amwachie mtoto wa watu.

"Mimi nilijua," akasema. "Udongo ule niliukanyaga kwa miguu yangu, na mimba yako tumboni. Baba yako alipopiga plasta, watu wakaanza kumwita mwenye nyumba ya tofali. Alilipenda sana jina lile. Fundi aliponiuliza, niliona haya kumvua nguo mume wangu na yuko kaburini."

Yule bwana akafungua mdomo. Mama akamwahi. "Na wewe ulijua, baba. Siku ya plasta ulikuwa darasa la nne."

Yule bwana akaliachia lile shati.

Ndugu zangu, hawa hawakudanganywa na mtu. Mama alijua, mwana alijua, fundi alihisi. Walisimama watu wazima watatu mbele ya ukuta mmoja, wakakubaliana kuuamini kwa sababu ukweli ungetia aibu. Na sisi je? Mume na mke wanakuja ofisini kwangu, wanasema mchungaji tuombee amani. Nikiuliza amani imeondokaje, kila mmoja anatazama kiatu chake. Tunataka Mungu atupe paa jipya, ila asiguse plasta. Tena tumezidi. Tunaamua kwanza toba yetu itatugharimu kiasi gani, kisha tunatafuta dhambi za kutosha kiasi hicho hicho. Nitatubu uvivu wa kuja ibadani, nitatubu hasira, nikibakiza nafasi naongeza na umbeya kidogo. Lakini yule mtoto niliyemzaa nje nikamkana, yule hayumo kwenye makadirio. Ule mpaka wa shamba la mjane niliousogeza, nao haumo. Halafu tunatia saini, na mchungaji naye anatia saini, kwa sababu anataka kazi. Ndiyo, nimesema. Kuna nyumba humu ndani nimezibariki huku moyo wangu unajua, na usiku mwingine siwezi kujisamehe.

Najua mnataka kusikia mama alijengewa. Hakujengewa. Mkopo ulikuwa unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, na zile bati zililala uani zikisubiri kuta. Wiki mbili za kwa Mama Tuponile zikawa miezi mitano, na mwezi wa sita mama akafa. Watu walilia kwenye ua wa jirani, wakapika kwenye ua wa jirani. Siku ya kuzika, yule bwana akawaomba wabebaji wapitie kwanza kiwanjani, ili amtoe mama yake kwa mlango wake kama alivyoomba. Wakakubali. Wakafika pale na jeneza mabegani, wakasimama, wakamuuliza mlango ulikuwa wapi. Akaenda huku, akarudi huku, akapima kwa hatua, akaanza upya. Nyumba aliyozaliwa ndani yake, na hakuweza kuwaonyesha. Wakamsubiri mpaka mabega yakawauma, kisha wakaendelea na safari ya makaburini.

Sisi bado kuta zetu zimesimama, na sijui zitasimama kwa muda gani. Tusimame tuombe. Leo siongozi sala, kila mtu aombe mwenyewe kimya kimya, kwa sababu yale tunayoweza kuyasema mbele za watu Mungu ameshayasikia vya kutosha.