Pete Moja ya Mlango wa Namsifu

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani ya juzi tu ambayo walioiona bado wanakunywa uji, palikuwa na bonde moja huko juu milimani katika nchi ya Wazungu. Theluji ilianguka miezi mitano kwa mwaka, na ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu. Watu wenyewe walikuwa weupe wote, tangu nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na hawakuwa wamelifikiria jambo hilo hata siku moja. Mtu haifikirii rangi yake mpaka aje mwenye nyingine.

Basi bonde lile lilikaa miaka sita bila daktari wa mifugo. Vijana walikuwa wamekimbilia mjini, na madaktari wa mjini hawakutaka kuja kuvuta ndama kwenye baridi. Wenyeji wakatangaza kazi. Akajibu mtu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa Namsifu, binti wa Kipare kutoka Usangi, aliyesomea mifugo Morogoro kisha akaongezea masomo hukohuko Ulaya. Akaja na mama yake mzazi, Mama Eliakunda, mwanamke mwenye kifua kibovu na ulimi mzima. Na mnatujua Wapare: twaweza kusahau blanketi nyumbani, lakini kesi tunasafiri nayo.

Sasa sikilizeni ada ya bonde lile, maana bila hiyo hadithi haina miguu.

Kila nyumba ilikuwa na pete moja ya chuma kwenye mhimili wa mlango. Ng'ombe wakishateremshwa kutoka malisho ya juu, kabla ya theluji, kulikuwa na Siku ya Kamba. Siku hiyo nyumba mbili jirani zilifungana kamba, pete kwa pete, na kamba haikufunguliwa mpaka theluji iyeyuke. Kwa sababu theluji ya huko ikiamua, mchana mweupe unageuka upofu. Mtu hauoni mkono wake. Akishika kamba, anafika kwa jirani. Asipokuwa na kamba, anakufa hatua kumi kutoka mlangoni kwake, na wengi walikufa hivyo. Wala hawakuruhusu pete ya pili, kwa sababu mwenye kamba mbili akipofuka hajui ashike ipi. Nyumba moja, pete moja, kamba moja.

Nyumba aliyopewa Namsifu ilikuwa katikati ya nyumba tatu ambazo kamba zake zilikuwa zimekosa mwenzi. Juu yake alikaa Mzee Otmari, mjane, mfugaji. Chini yake alikaa Bi Hedviga, mwoka mikate. Upande wa kijito alikaa Bwana Kaspari, karani wa mkutano wa bonde na mtunza kengele ya nyumba ya jibini. Majirani wa hawa watatu walikuwa wamekufa au wamehamia mjini. Wao kwa wao walikuwa mbali, kamba haikufika. Kutoka kwa Namsifu ilifika kwa yeyote.

Ungedhani wangegombea. Siku ya Kamba ya kwanza Namsifu akasimama mlangoni na kamba mpya mkononi, amevaa koti lake zuri. Akasimama mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuja mtu. Mwaka wa pili hakuja mtu. Wa tatu vilevile. Watu watatu waliona heri waikabili theluji peke yao, kamba zao zimening'inia ukutani, kuliko kuzifunga kwenye mlango wa mtu mweusi. Mama Eliakunda alikuwa akichungulia dirishani na kusema kwao Usangi hata mchawi ana jirani. Namsifu alicheka, lakini iliuma. Iliuma kila mwaka, wala haikuzoeleka.

Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kukataa.

Mzee Otmari alikataa mdomoni. Namsifu alipopita mara ya kwanza kukagua mifugo, mzee alifunga geti akamwambia hajapata kuona mtu mweusi akimgusa ng'ombe wake, na hataanza uzeeni. Ng'ombe wake mmoja akaugua homa ya maziwa. Mzee akamwita daktari wa wilaya ya pili. Daktari akafika kesho yake, ng'ombe akawa amekwisha kufa. Otmari hakubadilisha neno.

Bi Hedviga alikataa kwa asali. Huyu alimkumbatia Namsifu kila asubuhi, akamletea mkate wa zabibu, akamwita "mwanangu". Alimshika nywele bila kuuliza. Wageni walipokuja kupiga picha za sikukuu, alimsogeza mbele, aonekane. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye rangi haioni kabisa. Namsifu alipomtajia kamba, Hedviga akasema angependa, moyo wake ungependa, ila wateja wake ni wazee na wazee wana mambo yao. Akamwongezea mkate.

Bwana Kaspari hakukataa wala hakukubali. Huyu hakumsalimu Namsifu hata mara moja kwa miaka mitatu. Wakikutana alitazama viatu vyake, kana kwamba vimefunguka.

Ndipo ukaja msimu wa nne, pete ikiwa tupu vilevile, na theluji yake.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa safi. Namsifu akaitwa zizi la mbali, ng'ombe ameshindwa kuzaa. Akamwacha mama yake karibu na jiko, kifua kikimkoroma, kuni zikiwa chache, akaahidi kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ndama akatoka mzima. Namsifu akashika njia. Alipofika nusu, wingu likashuka lote kwa pamoja. Hakuona njia, hakuona miguu yake. Akajua kwamba atakufa, na akajua kwamba mama yake atakufa baada yake kwa baridi. Hilo la pili ndilo lililomfanya aendelee kutembea.

Bwana Kaspari alikuwa amemwona akienda. Wingu liliposhuka alipanda kwenye kengele ya nyumba ya jibini akaanza kuivuta. Akavuta kwa muda wa saa sita bila kupumzika, katika upepo, kamba ya kengele ikiwa imeganda barafu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikufa pale, daktari wa mjini akavikata baadaye. Namsifu aliisikia kengele, akaifuata. Bila kengele angeelekea korongoni.

Lakini kengele humwonyesha mtu kijiji, haimwonyeshi mlango. Namsifu akatumbukia kwenye mtaro, mguu ukateguka, akapiga kelele. Mzee Otmari alikuwa ndani. Akaitoa kamba yake ukutani, ncha moja akaifunga kwenye pete, ya pili kiunoni, akatoka na miaka yake sabini na mitatu. Akapapasa mpaka akampata. Akamburuta mpaka ndani, akamweka karibu na jiko, akampa maziwa ya moto. Alimpa katika kikombe cha vibarua, kile cha bati, wala si vile vya nyumbani vilivyopangwa kabatini. Namsifu alikiona kikombe, akanywa.

Alitaka kutoka kumfuata mama yake. Otmari akaketi mlangoni, akamwambia hatoki mtu. Theluji ilidumu siku mbili, na siku mbili hizo Namsifu alikuwa akiomboleza kimyakimya.

Kumbe Bi Hedviga, kule chini, alikuwa amechungulia wingu lilipopasuka kitambo, akaona dohani ya Namsifu haitoi moshi. Wingu likafunga tena, na kati ya milango yao hapakuwa na kamba iliyofungwa. Akapiga magoti kwenye theluji, akatambaa akipapasa nguzo za uzio moja baada ya nyingine, na kuni mgongoni. Akamkuta Mama Eliakunda midomo imebadilika rangi. Akawasha moto, akamkanda kifua, akamlisha supu kwa kijiko, akalala naye kitanda kimoja ampe joto. Siku mbili. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata neno. Mama Eliakunda husema mpaka leo kwamba hajapata kukandwa vile tangu afe mama yake.

Theluji ikatulia. Wote wakawa hai.

Theluji ikayeyuka, ng'ombe wakapanda malisho, ng'ombe wakashuka. Siku ya Kamba ikafika. Namsifu akasimama mlangoni kwa desturi tu, hata koti zuri hakuvaa. Akainua macho akaona watu watatu wanakuja, kutoka juu, kutoka chini na kutoka upande wa kijito, kila mmoja na kamba begani.

Mama Eliakunda alitoa kiti nje, akajifunga shuka, akaketi. Kesi imekuja mlangoni, angekaaje ndani? Akamtaka Namsifu amtafsirie kila neno, na asichague.

Akaanza Bi Hedviga. Alisema yeye ndiye aliyekuwa mwema tangu siku ya kwanza, na siku ya shida akaweka maisha yake hatarini. Akamshika Mama Eliakunda mkono, na mama hakuutoa.

Akaja Bwana Kaspari, mkono wenye vidole vitatu mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza Namsifu kuisikia sauti yake ikielekezwa kwake.

"Daktari," akasema, "kabla ya theluji ile niliandikiwa barua. Ilitaka ufukuzwe. Ilisema ng'ombe wa Otmari alifia mikononi mwako. Watu ishirini na wawili walitia sahihi. Niliitia kwenye jiko langu, nikawaambia imepotea."

Namsifu akamwuliza kwa nini hakusimama mkutanoni akasema ni uongo.

"Niliogopa," akasema Kaspari. "Ninaishi nao."

Kisha akamwuliza akina nani walitia sahihi. Kaspari akatazama viatu vyake. Ndipo Bi Hedviga akauachia mkono wa Mama Eliakunda.

"Wa saba ni mimi," akasema. "Waliileta dukani. Watu walikuwa wamesimama wananitazama. Nilifikiri jina moja haliongezi kitu."

Mama Eliakunda akauliza amesema nini. Namsifu akamwinamia mama yake. Kisha akatafsiri lote, kwa sababu aliambiwa asichague. Mama yake akautazama mkono uliokuwa umeshikwa, akauweka mapajani.

"Alitia sahihi kabla ya kunikanda, au baada?"

"Kabla, Mama."

"Mh," akasema mama.

Namsifu akamgeukia Mzee Otmari, akamwuliza kama na yeye alitia sahihi.

"Situmii karatasi," akasema mzee. "Nikiwa na neno nalisema getini. Na lile lilikuwa la uongo, ng'ombe nilimwua mimi kwa ukaidi."

"Basi kamba yako inadai nini, Mzee Otmari?"

"Sikuombi msamaha. Sura yako sijaizoea, na huenda nikafa sijaizoea. Lakini mtu akipiga kelele nje ya nyumba yangu, natoka. Ningetoka hata kwa mbwa. Ukiita tena nitatoka tena. Sina kingine."

Namsifu alitafsiri na hili, hadi mbwa.

Mama Eliakunda akakaa akisugua magoti. Mwisho akasema kwamba Usangi kesi kama hii ingekula siku tatu na beberu mmoja, na kwamba aliyesema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki hakusema kitu kuhusu watatu wakikufaa pamoja, na wote watatu wakiwa wamekutupa kwanza. Akamwambia binti yake, "Pete ni yako. Mimi nimekaa."

Na theluji haikungoja. Mawingu yalikuwa yamekwisha kaa kwenye vilele. Namsifu alijua kwamba yule atakayefungana naye kamba atapona naye msimu huu. Alijua pia kwamba wawili watakaobaki watarudi na kamba zao, na watakaa peke yao na theluji kama alivyokaa yeye: mwenye miaka sabini na mitatu, au mwenye kutambaa kwa magoti, au mwenye vidole vitatu asiyeweza tena kuvuta kengele. Alikuwa na hasira nao wote, na uhai wake na wa mama yake ulitoka mikononi mwao wote. Akaishika pete. Ilikuwa baridi na ilikuwa moja.

Mimi hadithi hii nimeisimulia Usangi, Same na Mwanga. Kina mama karibu wote walisema Hedviga, kwa sababu wino hufutika na aliyemponya mama yako hafutiki, mpaka mmoja akauliza, na msimu ujao wakimletea karatasi nyingine dukani? Mzee mmoja akasema Otmari, kwani ukali wake unaujua mwanzo na mwisho, na mkewe akamwuliza kama yeye angekunywea kikombe cha vibarua maisha yake yote. Mwalimu mmoja akamtetea Kaspari mpaka akasimama, kisha akakumbuka ile miaka mitatu ya kutazama viatu, akakaa. Kuna binti alisema pete ibaki tupu, wajifunze. Akaulizwa, na mama wa Namsifu je, kifua chake nacho kijifunze?

Nimewaachia kamba mkononi, nyinyi mliokaa hapa. Namsifu amesimama mlangoni, wanamtazama watatu, na theluji imeanza kudondoka. Je, nani alistahili pete ile?