Mahali Anapolala Atuganile

Kulikuwa na mama mmoja, mzee wa kanisa kama hawa mnaowaona wameketi hapa mbele, mtu wa maombi, mtu wa kufunga Ijumaa. Jina lake silitaji. Alikaa Arusha, kwenye nyumba nzuri yenye geti na maua, na binti yake wa pekee alikuwa masomoni Uingereza. Binti alipohitimu, mama akapanda ndege kwenda kwenye mahafali.

Baada ya sherehe binti akataka mama yake aione nchi yenyewe, siyo mji na maduka tu. Wakapanda basi kwenda mashambani. Huko, ndugu zangu, kuna vilima vya kijani na kondoo, na makanisa ya mawe ya miaka mia saba ambamo Jumapili wanasali watu tisa. Na kuna majumba. Zamani yalikuwa ya mabwana wenye ardhi. Leo watu wanakata tiketi wanaingia kuyatazama, bustani, kanisa la ukoo, mpaka jikoni.

Jumba waliloingia lilikuwa na madirisha ambayo mama alianza kuyahesabu akaacha. Mzee mmoja wa Kiingereza, mwembamba, mwenye mkongojo, alikuwa akijitolea kuwatembeza wageni. Kiingereza cha mama kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo binti akawa mkalimani. Mama alisifu kila kitu. Alisifu dari iliyochorwa malaika, alisifu meza ya kulia watu arobaini, alisimama dirishani akatazama bustani ya waridi akasema kwa kweli watu hawa Mungu aliwabariki.

Kisha yule mzee akasukuma ukuta, ukuta ukafunguka. Ulikuwa mlango, umebandikwa karatasi ileile ya maua iliyobandikwa ukuta mzima ili usionekane. Nyuma yake kulikuwa na ngazi nyembamba, yenye giza. Mzee akaeleza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya watumishi. Maji ya kuoga, makaa, vyungu vya haja, vyote vilipita humo, mabwana wasije wakakutana na anayevibeba. Na mtumishi aliyekutwa ukumbini alitakiwa ageukie ukuta mpaka bwana apite.

Wakapanda ngazi hiyo mpaka chini ya paa. Juu kulikuwa na chumba ambacho mtu mzima hawezi kusimama wima, kitanda kimoja cha chuma, na kidirisha cha ukubwa wa sahani. Wasichana wawili walilala humo, mzee akasema, na majira ya baridi maji ya kunawa yaliganda ndani ya beseni. Mmoja wao alikuwa bibi yake, mzaa mama yake. Alianza kazi hapo akiwa na miaka kumi na mitatu.

Mama akapandwa na hasira. Na niwaambieni, ilikuwa hasira halali, hata mimi ningekasirika. Aliuliza kama mabwana hao walikuwa Wakristo. Mzee akajibu kwamba walikuwa, tena wa kusali kila asubuhi kwenye kanisa lao la pale chini, familia ikikaa mbele penye moto na watumishi nyuma.

"Mwulize," mama akamwambia binti yake, "walikuwa wanamwomba Mungu gani. Mwulize mtu anapigaje magoti asubuhi, na huku anajua mtoto wa mwenzake amelala kwenye tundu kama hili."

Binti hakutafsiri.

"Mbona umenyamaza? Mwulize."

"Mama," binti akasema, "Atuganile analala wapi?"

Sasa niwaambie Atuganile ni nani. Wengine sikuwataja, huyu namtaja kwa sababu hakuna aliyezoea kumtaja. Pale nyumbani aliitwa dada, na wageni wakija aliitwa "huyu msichana". Alitoka Tukuyu akiwa na miaka kumi na minne, na kwa Kinyakyusa jina lake maana yake ni "ametupenda". Kwa miaka kumi na mmoja alipika, alifua, alimsuka binti nywele za kwendea shule. Na alilala stoo, pembeni ya jiko, kwenye godoro la kukunjwa alfajiri, kati ya gunia la mkaa na ndoo za unga. Nyumba ilikuwa na vyoo vitatu; yeye alitumia cha nje. Alikuwa na sahani yake na kikombe chake cha plastiki ambavyo havikuwekwa kabatini pamoja na vingine. Baba yake alipofariki, mama alimpa ruhusa ya siku tatu. Mbili ziliishia kwenye basi. Alikuta wameshazika.

Hasira aliyokuwa nayo mama kwa mabwana waliokufa ilimgeukia mtoto wake aliye hai. Akamwambia elimu imemharibu. Akamwambia hakusafiri kote huko kuja kudhalilishwa mbele ya Mzungu, na kwamba Atuganile anavaa, anakula, na hajawahi kupigwa hata kofi. Yule mzee hakuelewa neno hata moja, lakini watu wazima huelewana. Akatoka taratibu, akawapisha.

Binti alikuwa analia. "Nilijua tangu nikiwa mdogo, Mama. Nilinyamaza kwa sababu kitanda changu kilikuwa kizuri."

Mama akashuka, akatoka nje, akaketi kwenye benchi bustanini, wageni wanapiga picha waridi. Alijitetea moyoni. Alikumbuka kitenge anachomnunulia kila Krismasi, alikumbuka kwamba ni yeye aliyempeleka akabatizwe. Utetezi ulikuwa mwingi na moyo haukutulia. Mwishowe akatoa simu akapiga nyumbani. Alitaka nini? Alitaka asikie sauti ya msichana mwenye raha, apate cha kumrudishia binti yake.

Simu ikapokelewa haijaita mara ya pili.

"Shikamoo Mama. Nimekosea nini?"

Mnasikia hilo? Hakuuliza habari za safari wala za mahafali. Miaka kumi na mmoja, na simu ya mama ikilia yeye anachojua ni kwamba kuna kosa. Mama akamwambia hakuna kosa, amepiga kumjulia hali tu. Mama akatafuta la kuzungumza na mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo, akakosa. Akamuuliza kama amekula.

"Nimekula ugali wangu tu, Mama. Vya kwenye friji sijagusa. Ukirudi utavikuta vyote."

Mama yule alirudi Arusha akafungua chumba cha wageni, akamwambia Atuganile ahamie humo. Atuganile akashukuru, akalala sakafuni wiki mbili kwa kuogopa kuchafua shuka. Miezi mitatu baadaye akaomba ruhusa aende kwao. Mama akalia, akamwomba msamaha, akambembeleza abaki. Atuganile alimsikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Nimekusamehe, Mama," akafunga begi lake, akaondoka. Hajarudi mpaka leo, na mimi sitawapambia mwisho mwingine ili mtoke hapa mmefurahi.

Ndugu zangu, nimekasirika. Sisi tunajua sana kukasirika. Tunawakasirikia wakoloni, tunawakasirikia mabwana wa mashamba, tunasimama mbele ya kitanda cha mtu aliyekufa zamani na machozi yanatutoka. Mfu hawezi kutujibu, ndiyo maana hasira hiyo tunaipenda. Haitugharimu hata mto wa kulalia. Lakini niulize: pilau ya nyumbani kwako inapikwa na nani sasa hivi, wakati wewe umekaa hapa na kitenge kipya? Yeye hana roho ya kuokolewa? Mbona sijawahi kumwona kwenye ibada hii? Jina lake la ukoo unalijua?

Msitazamane. Kila mtu ajitazame mwenyewe. Na mimi mchungaji wenu simo nje ya jambo hili. Nyumba ya mchungaji ina stoo, na ndani ya stoo kuna godoro. Leo asubuhi nimesimama mlangoni nikaliangalia, nikarudi chumbani nikashindwa kuomba.

Jumapili ijayo tutapika wenyewe. Wao wanaotupikia watakuja, na watakaa hapa mbele. Wazee wa kanisa mtatafuta nafasi nyuma, na atakayeona hilo ni kudhalilishwa aje aniambie ofisini, nitamsikiliza. Leo hakuna wimbo wa kufungia ibada. Nendeni nyumbani. Kagongeni mlango wa stoo, na msiingie mpaka mkaribishwe.