Mshikemshike wa Kwanza

Enzi zile wanyama walipokuwa na maneno mengi kuliko maji, kiangazi kilikausha mito yote. Kikabaki kisima kimoja, na kila mnyama akawa na kibuyu chake cha siku. Simba, aliyependa kukumbusha watu kuwa yeye ndiye mfalme, akatoa amri: "Mwizi akitajwa, wote mbio! Asiyekimbia hanywi."

Basi kila asubuhi Fisi alipaza sauti: "Mshike! Mshike! Huyooo, kaingia kichakani!" Wanyama wakatimka. Nyani akamkamata Ngiri, Ngiri akamng'ang'ania Pundamilia, vumbi likatanda, kila mmoja akiapa kwamba amemnasa mwizi. Wakirudi, vibuyu vitatu vitupu.

Kobe hakuwahi kufika huko kichakani. Wenzake walikuwa wakirudi yeye ndiyo kwanza anaanza safari.

"Mtukufu," Fisi akasema huku akipangusa midomo, "nani hubaki na vibuyu kila siku? Si huyu?"

Simba akanguruma, "Kobe, kuanzia kesho huna maji!"

Kobe aliumia sana. Kunyimwa maji kiangazi kile kulikuwa ni kuchimbiwa kaburi, tena kwa kosa la kuwa na miguu mifupi. Alikuwa amemwona Fisi akibaki nyuma na kunywa, kwa macho yake mawili, lakini nani angemwamini mzembe mbele ya hodari wa kupiga kelele?

"Niongezee siku moja, Mtukufu," akasihi. "Maji yote yatiwe kwenye mtungi wako wenye shingo nyembamba. Mtungi wa mfalme, nani atathubutu kuugusa?"

Simba akavimba kichwa. "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo."

Asubuhi Fisi akapiga ukelele wake, wote wakatoweka. Akasukuma kichwa mtungini, akanywa mpaka tumbo likawa ndi. Kutoka sasa! Kichwa kikagoma. Akakurupuka na mtungi kichwani, akijigonga kwenye miti, na kwa kiwewe akapiga kelele alizozizoea: "Mshike! Mshike!"

Wanyama wakageuka, wakamshika.

Simba akatangaza kuwa alijua tangu mwanzo. Fisi akatimuliwa kisimani, na Kobe akapewa kibuyu kilichojaa pomoni, akanywa taratibu kama kawaida yake. Tangu siku hiyo, wengi wakipiga kelele na kukimbizana bila kujua wanamfukuza nani, huo huitwa mshikemshike.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.